Safu ya Tano

Darasa la nne, shule moja ya Katuba.
Madawati yamesukumwa ukutani. Ubaoni
bado kuna hesabu ya mtoto fulani:
saba mara nane, hamsini na sita.
Mimi ndiye karani wa uandikishaji.
Nina mashine, nina wino,
nina kiti cha miguu mitatu na tofali.

Jina. Jina la baba. Mahali pa kuzaliwa. Anwani.
Safu ya tano: Asili.
Hapo ndipo watu hushusha sauti.
Mtu amezaliwa Sendwe,
amevuta moshi wa Gécamines kabla ya kunyonya,
bado ataulizwa: sawa, lakini asili?
Kana kwamba damu nayo ina tikiti ya kurudia.

Saa tano akaingia mwanamke wa kilemba cha kijani.
Kapinga Bilonda Tshiamala.
Sauti haikushuka.
"Nimezaliwa hapa. Andika hapa."
Anwani?
"Nalala kwa shangazi. Lakini andika ile ninayoijua:
Kenya, barabara ya Lukafu, arobaini na moja."

Nikaandika. Mkono ulijua njia.
Ndiko ninakolala.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Redio ilisema nchi ina wenyewe.
Vijana walipita na chaki, mlango kwa mlango.
Tuliwaita bilulu. Nasema *tuliwaita*,
maana nami nilikuwa na mdomo, na ulifanya kazi.
Mzee Tshiamala, fundi wa tanuri,
aliyetuazima baisikeli kila msiba,
aliuza nyumba kwa mifuko miwili ya unga
na mkokoteni wa kufikisha godoro gare.
Baba alisema: nimemsaidia.
Hati iliandikwa nyuma ya karatasi ya daftari.
Upande wa mbele kulikuwa na imla, kwa mwandiko wa mtoto:
*Kwetu kuna milango miwili.*

Majuma sita walilala kando ya reli, wakingoja vagoni.
Mama alipeleka bukari mara moja.
Hakurudi. Alisema ni harufu.

Sisi tukapaka rangi. Kuta zote,
ila mwimo wa mlango wa jikoni,
ambapo mtu alikwaruza kimo kwa msumari:
B., miaka mitano. B., sita. B., saba.
Nane haipo.
Wanangu nimewapimia papo hapo,
na wakiuliza B. ni nani
nasema kuleni, chakula kinapoa.

"Hana karatasi," msimamizi akasema. "Mashahidi watano."
Foleni ikatazama viatu.
Nyuma kabisa mtu akalitamka lile neno la wadudu,
polepole, kama mtu anayejaribu koti la zamani
aone kama bado linamtosha.

Karani haruhusiwi kushuhudia.
Nikasema: mimi namjua.
"Mmoja," akasema msimamizi, bila kunitazama.
Muuza makala akainua mkono mweusi: wawili.
Kisha mwalimu mstaafu, aliyenifundisha mimi na yeye
kwenye vyumba kama hiki: watatu.
Tukangoja. Jenereta likakohoa.
Saa nane tunafunga.

"Nitarudi kesho," akasema Bilonda.
Akainama kana kwamba ameangusha kitu.
"Ule mlango wa jikoni, bado unalia?"
Nikajibu: niliupaka mafuta.
"Kumbe," akasema. "Ulikuwa ukituamsha
baba alipotoka zamu ya usiku."

Wote wameondoka. Mashine bado inawaka.
Nimejaza jina, baba, mahali, anwani.
Ya tano nimeiacha, na kioo hakikubali:
kinamulika, kinazima, kinamulika,
*jaza safu ya tano, jaza safu ya tano*,
na ufunguo wa arobaini na moja
uko mfukoni mwangu, una joto la paja.